Kabla hujalala kwenye meza ya kairopraktiki: tuliyojifunza kuhusu tiba ya misuli na tishu laini

Maumivu ya kiuno au ya shingo yakishavuka wiki ya sita, mtu huanza kumsikiliza kila anayetoa ushauri. Vidonge vimemezwa, godoro limebadilishwa, na bado kuinama kufunga kamba za viatu ni kazi. Wengi wetu hufika kwa tabibu wa kairopraktiki, yaani anayetibu mgongo, viungo na misuli kwa mikono, katika hali hiyo, tumechoka na tuna hamu ya jambo moja tu: mgongo ualishwe mpaka utoe mlio, maumivu yaishe. Halafu tunalazwa kifudifudi, na nusu ya muda inakwenda kwenye kubanwa, kusuguliwa na kunyooshwa misuli, bila mtu kutueleza ni kwa nini, kwa nguvu kiasi gani, wala tutamaliza lini. Hayo ndiyo tunayotaka wengine wayajue mapema, maana anayeyajua huitumia tiba hii vizuri na huiacha kwa wakati wake.

Fani hii ilianzishwa na Daniel David Palmer mjini Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, mwaka 1895, na kwa miongo mingi macho yake yalikuwa kwenye pingili za mgongo. Baadaye Raymond Nimmo, naye akiwa wa fani hiyohiyo, alishika hoja kwamba mfupa hauendi popote bila msuli kuuvuta, basi ushughulikiwe msuli. Na daktari Janet Travell, aliyekuwa pia tabibu wa Rais John F. Kennedy, alichora ramani za jinsi fundo kwenye msuli mmoja linavyopeleka maumivu mahali pengine kabisa. Pande hizo mbili zingali zipo hadi leo. Utakutana na tabibu anayealisha pingili kwa dakika tano na kukuaga, na utakutana na mwingine asiyegusa pingili hata moja. Wa kutafuta ni yule anayepima kwanza, ndipo akachagua.

Siku ya kwanza basi ni ya kuulizwa na kupimwa. Nenda na orodha ya dawa unazotumia, magonjwa uliyonayo, upasuaji uliowahi kufanyiwa, na picha za eksirei au MRI kama unazo tayari. Dawa ya kutaja kabla ya nyingine zote ni ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, kwa sababu kiwiko kikikandamiza kalio, au chuma kikipita kwenye paja, damu inaweza kuvilia ndani kwa ndani. Anayetumia vidonge vya steroidi kwa muda mrefu huwa na ngozi nyembamba na mifupa iliyopungua uimara. Mwenye kisukari kilichokwishapunguza hisia za miguu aseme wazi, kwa kuwa tiba nzima inategemea mgonjwa kuweza kusema "imetosha", na mahali usipohisi huwezi kusema hivyo.

Kuna dalili ambazo hazifai kupelekwa kwenye meza hii kabisa. Kushindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, mkojo kugoma kutoka, ganzi kwenye sehemu za siri na mapaja kwa ndani, au mguu unaozidi kulegea siku hadi siku: hiyo ni safari ya hospitali, saa hiyohiyo. Homa pamoja na maumivu ya mgongo, kukonda bila sababu, maumivu yasiyotulia hata ukiwa umelala, historia ya saratani, au kuanguka vibaya, nayo yanahitaji daktari kwanza. Shavu la mguu likiwa limevimba upande mmoja, lina joto na linauma, hasa baada ya safari ndefu au upasuaji, lisichuliwe na mtu yeyote, kwani huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Na maumivu makali mapya ya shingo yanayokuja na kichwa kuuma kuliko ulivyozoea, kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili au ulimi kuwa mzito yanaweza kuwa ni mshipa wa damu uliochanika. Shingo ya namna hiyo haizungushwi. Tabibu asiyeuliza hata moja kati ya haya ameshakujibu swali la kama urudi kwake.

Baada ya maswali huja vipimo vya mikono: nyundo ya mpira gotini na kwenye kano ya kisigino, kutembea kwa visigino kisha kwa vidole, kuguswa ngozi ya miguu ili kujua pale palipokufa ganzi, kuinuliwa mguu ulionyooka ukiwa umelala chali. Kisha unaambiwa uiname mbele. Hapa ombeni namba. Ncha za vidole zimebaki sentimita ngapi kufika sakafuni? Shingo inageuka hadi wapi kabla ya kuuma, na maumivu hayo ni mangapi kwa kumi? Namba hizo ziandikwe, na uwe nazo wewe mwenyewe. Bila namba ya kuanzia, wiki tatu baadaye utabaki na "naona kama kuna nafuu", na kwa kauli kama hiyo watu wamelipa miezi.

Sasa mezani. Njia zenyewe ni nyingi na majina ni mengi zaidi, ila chache ndizo utakazokutana nazo mara kwa mara.

Ya kwanza ni kukandamiza fundo. Tabibu hupapasa msuli mpaka apate mkanda uliokaza na ndani yake doa linalouma, mara nyingi likiwa linarudisha maumivu yaleyale unayoyajua. Hapo huweka kidole gumba, kifundo cha kidole kilichokunjwa au kiwiko, akazamisha taratibu mpaka maumivu yafike tano au sita kwa kumi, kisha akatulia bila kusukuma zaidi. Baada ya sekunde 30 hadi 60, wakati mwingine 90, maumivu yanatakiwa yashuke huku nguvu ikiwa ileile. Yakishuka, anarudia mara mbili au tatu. Yasiposhuka, au yakipanda, mwambie apunguze: ama nguvu imezidi, ama pale si fundo bali ni neva au kano iliyokereketwa. Ukihisi umeme au kuchomachoma kunakoshuka mguuni au mkononi, sema mara moja na aondoe mkono.

Usishangae ukibonyezwa mbali na panapouma. Msuli ulio nyuma ya kombe la bega unaweza kuuma mbele ya bega. Sehemu ya juu ya msuli wa bega hupeleka maumivu pembeni mwa shingo hadi kwenye panja. Msuli mdogo wa kalio, ule wa ndani kabisa, hushusha maumivu pembeni au nyuma ya mguu hata chini ya goti, na wengi wakayaita neva ya mguu. Ndiyo maana vile vipimo vya mwanzo vina thamani: vinasaidia kutenganisha fundo na neva iliyobanwa kweli. Ni haki pia kusema kwamba watabibu wawili wakipapasa mgonjwa mmoja mara nyingi hawakubaliani fundo liko wapi hasa. Kwa hiyo usiipe uzito mkubwa hotuba kuhusu fundo. Tazama matokeo yake.

Njia ya pili ni kushika na kunyoosha, ambayo P. Michael Leahy, kairoprakta wa Marekani, aliieneza kwa jina la Active Release Techniques. Msuli huwekwa ukiwa mfupi, tabibu anaushikilia mahali palipokaza, kisha wewe mwenyewe unausogeza mpaka urefuke huku yeye hajaachia. Chukua msuli unaotoka shingoni kwenda kona ya juu ya kombe la bega: unakaa, kidole chake kiko kwenye kona hiyo, nawe unainamisha kichwa mbele na kukigeuza upande wa pili polepole. Kwa msuli wa piriformisi ulio ndani ya kalio, unalala kifudifudi, goti limekunjwa nyuzi 90. Kiwiko kikiwa juu ya kalio, wayo unaanza ukiwa umeelekea ndani, kisha unaachwa uangukie nje taratibu. Mara tatu hadi tano kwa kila sehemu zinatosha. Kosa la kawaida hapa ni haraka. Mwendo wa sekunde moja hauleti kitu. Upe sekunde nne au tano.

Ya tatu ndiyo tunayoipenda kuliko zote kwa mtu mwenye maumivu makali au mwoga wa kubanwa, na ilienezwa na daktari wa Ucheki, Karel Lewit. Msuli unavutwa mpaka pale unapoanza kugoma, si zaidi. Unausukuma mkono wa tabibu kwa nguvu ndogo, kama asilimia 10 hadi 20 ya uwezo wako, kwa sekunde 5 hadi 10, ukivuta pumzi. Kisha unalegea kabisa, unatoa pumzi, na msuli wenyewe unaachia hatua moja mbele. Hapo panakuwa mwanzo mpya, na mnarudia mara tatu hadi tano. Inaharibika kwa njia mbili: mgonjwa anasukuma kwa nguvu zake zote kana kwamba ni mashindano, au tabibu anavuta kabla msuli haujaachia. Uzuri wake ni kwamba ukishaielewa unaweza kuifanya nyumbani kwa mkono wako mwenyewe.

Vyombo vya chuma ndivyo huwatisha watu. Vile vinavyoitwa Graston, vilivyoanza kutumika Marekani miaka ya 1990, ni vya chuma kisichopata kutu, vina kingo zilizopinda kufuata umbo la mwili. Ngozi hupakwa mafuta au krimu, chombo huinamishwa nyuzi 30 hadi 60, kikapitishwa kwa mikwaruzo mifupi juu ya eneo lililokaza, sekunde 30 hadi 60 kwa doa moja na dakika chache tu kwa eneo zima. Ngozi kuwa nyekundu ni kawaida. Vidoadoa vya damu vinaweza kutokea, lakini si lengo, na tabibu anayejivunia michubuko ya wagonjwa wake aachwe. Eneo hilohilo lipumzishwe siku mbili au zaidi kabla ya kurudiwa. Utaratibu kamili huwa una kupasha misuli moto kabla, kisha kunyoosha na mazoezi ya nguvu baada ya chuma. Akikukwaruza na kukuruhusu uende zako, umepewa kipande tu cha tiba.

Kusugua kano kwa kukatiza nyuzi zake ni njia ya zamani zaidi, ya daktari Mwingereza James Cyriax. Hakuna mafuta, kidole na ngozi huenda pamoja, na huuma dakika ya kwanza kabla ya kufa ganzi. Kwa kano za kiwiko na kisigino bado inatumika, ingawa leo kinachobeba tiba ya kano ni mazoezi ya kuipa mzigo kidogokidogo. Kuumika kwa vikombe nako utakuta. Alama za duara hubaki siku kadhaa, basi usikubali siku mbili kabla ya harusi.

Jambo linalohitaji kusemwa kwa sauti ni la nguvu. Mgonjwa anayesema "bonyeza zaidi" na tabibu anayefurahi kubonyeza hufika pabaya pamoja. Mwili ukihisi hatari hukaza: pumzi inakatika, vidole vya miguu vinajikunja, taya linabana, na msuli uliokusudiwa kulegea unajilinda. Kesho yake mtu ana uchungu mpya juu ya ule wa zamani. Watu huvumilia kwa sababu wameambiwa kwamba tishu "zimegandana" na lazima zivunjwe. Sivyo inavyofanya kazi. Fashia (utando unaofunika na kuunganisha misuli) iliyo nene, kama ile ya unyayo au ukanda wa pembeni mwa paja, haivutiki kwa nguvu ya kidole gumba cha mtu yeyote. Kinachobadilika kwa muda mfupi ni zaidi katika mfumo wa neva: hisia ya maumivu inapungua, msuli unakubali kurefuka, na mwendo unaongezeka. Kwa hiyo kanuni ya mezani ni nyepesi: ukishindwa kupumua polepole kupitia pua, nguvu imezidi. Useme. Hutamkosea tabibu heshima, mzuri atashukuru.

Hofu pia ipo, hasa mara ya kwanza shingo inaposhikwa. Una haki ya kukataa kualishwa shingo na ukaendelea na tiba ya misuli peke yake. Mlio ukisikika, ni gesi inayojitokeza ghafla ndani ya majimaji ya kiungo. Hakuna mfupa uliorudi mahali pake, na kukosa mlio si dalili ya kushindwa. Kwa kawaida misuli hushughulikiwa kwanza ili pingili zisukumwe kwa nguvu ndogo zaidi. Tena, mbele ya shingo, pale mapigo ya moyo yanaposikika, hapakandamizwi.

Kabla ya kushuka mezani, rudieni kipimo kilekile cha mwanzo. Iname, geuza shingo, soma namba. Kama sentimita 25 zimekuwa 15, mnajua mmegusa kitu. Kama hakuna kilichobadilika baada ya ziara mbili au tatu kwa njia moja, njia ibadilishwe.

Saa 24 hadi 48 zinazofuata, msuli kuuma kama baada ya kazi nzito ni jambo la kawaida. Maji unywe ukisikia kiu, hata ukiambiwa uyanywe kwa wingi ili kutoa sumu. Hakuna sumu iliyokamuliwa kutoka kwenye misuli inayosubiri kusafishwa. Tembea dakika 10 hadi 20 jioni hiyo, na usikimbilie kunyanyua mizigo mizito kupima kama umepona. Joto la dakika 15 juu ya sehemu iliyobanwa husaidia wengi, lakini si juu ya ngozi iliyokwaruzwa na chuma siku hiyohiyo. Uchungu ukivuka siku tatu, ukipata uvimbe mgumu, ganzi mpya au udhaifu, piga simu kabla ya ziara nyingine.

Halafu linakuja lile linalowavunja watu moyo. Siku mbili unajihisi mwepesi, siku ya tatu maumivu yamerudi. Wengi huamua kwamba wamedanganywa, au kwamba wanahitaji kubanwa mara nyingi zaidi. Ukweli uko katikati. Nafuu ya mikono ni ya kweli lakini ni fupi, na thamani yake ni ule mwanya inaoufungua: saa kadhaa, pengine siku moja au mbili, ambazo unaweza kufanya mwendo ambao jana ulikuwa hauwezekani. Mwanya huo ukiujaza mazoezi, kila ziara inaanzia mbele kidogo ya iliyopita. Ukiupitisha umelala, unarudi palepale. Miongozo ya tiba nayo inaelekea huko. Ule wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaruhusu tiba ya mikono kwa maumivu ya kiuno ikiwa tu sehemu ya mpango wenye mazoezi ndani yake, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 liliweka kuchua na kualisha mgongo kati ya mambo ya kutumia kwa maumivu sugu ya kiuno, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Shirika hilohilo halikupendekeza mikanda ya kiuno, mashine za mawimbi ya sauti wala kuvutwa mgongo kama tiba za kawaida, na hivyo ndivyo vitu vinavyoongezwa mara nyingi kwenye bili.

Mazoezi yenyewe hayahitaji ufundi mkubwa. Aliyetibiwa kalio na kiuno alale chali, akunje magoti, ainue nyonga na kushusha, seti tatu za mara 8 hadi 12, siku moja afanye na moja apumzike. Ikiwa rahisi, atumie mguu mmoja. Aliyetibiwa shingo na mabega avute mkanda wa mpira kuelekea mbavuni kwa kiasi hichohicho. Maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi na kurudi kawaida kufikia kesho yake, endelea. Yakibaki juu, punguza mzigo badala ya kuacha. Nyumbani, mpira mdogo kati ya kalio au mgongo wa juu na ukuta unaweza kuchukua nafasi ya kidole gumba cha tabibu: sekunde 60 hadi 90 kwa doa, maumivu yasizidi tano. Usiuweke juu ya mifupa ya uti wa mgongo, nyuma ya goti, wala mbele ya shingo.

Gharama huumiza zaidi kwa sababu hujificha. Ada ya ziara moja unaiona. Huioni ziara ya thelathini. Mpango wa kawaida wa kuanzia ni ziara moja au mbili kwa wiki, na tathmini ya wazi baada ya ziara nne hadi sita kwa zile namba mlizoandika. Kukiwa na maendeleo, ziara zinapungua: wiki moja, wiki mbili, mwezi, basi. Pasipo maendeleo, upelekwe kwingine. Ukiwekewa mbele kifurushi cha ziara nyingi za kulipiwa mapema siku ileile ya kwanza, omba kulipia moja moja. Ukiambiwa kila mgonjwa hapo lazima apigwe eksirei, au kwamba usipoendelea utapooza, au kwamba kuchuliwa mgongo kutatibu pumu na kisukari, chukua begi lako.

Ukishaachiliwa, tarajia maumivu kurudi siku moja. Kiuno kilichowahi kuuma huuma tena kwa watu wengi. Yakirudi bila zile dalili za hatari, anza na mpira ukutani, endelea kutembea, na fanya mazoezi yaleyale kwa nusu ya mzigo kwa siku saba hadi kumi. Namba zako za zamani unazo: iname, pima sentimita, andika tarehe. Zikianza kusogea zenyewe katika siku hizo, huhitaji meza. Zikigoma, piga simu ukiwa nazo mkononi, na uombe muda mfupi wa njia ile iliyowahi kuzisogeza.